Balozi na Chumba cha Nyuma

Kosa langu la kwanza kwa Balozi lilikuwa kumkubalia. Alikuwa amekaa barazani kwake, mtaa wa Majengo mjini Songea, redio imewekwa dirishani nyuma ya kichwa chake, akisema kwamba vita vya Msumbiji ni vya Wamsumbiji, kwamba wanajeshi wetu walioko ng'ambo ya Ruvuma warudi nyumbani, na watu wa kule waamue wenyewe nchi yao iende wapi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi. Nilikuwa nimesimama mbele ya kipande cha kioo nyumbani kwa mjomba, nikirudia sentensi moja mpaka ikanyooka. Nikaitoa.

"Ni kweli kabisa, Balozi. Taifa lisiloamua mambo yake lenyewe haliwezi kuitwa taifa."

Alinitazama kama mtu anayeletewa chai wakati ameshakunywa. "Vema, kijana," akasema, kisha akageukia upande wa pili wa benchi kutafuta mtu wa kubishana naye.

Ilinichukua miaka kuelewa lile "vema".

Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba ya mjomba wangu ilikuwa mojawapo ya hizo kumi. Jina lake la ubatizo lilitajwa kanisani tu. Wakati ule mgeni akilala kwenye nyumba yoyote ya kwetu, mwenyeji alipaswa kwenda kumjulisha Balozi kabla giza halijaingia, na Balozi alikuwa na maswali yake matatu: anatoka wapi, amefuata nini, anaondoka lini. La tatu ndilo alilolipenda. Alilisogelea polepole, akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba jibu likichelewa mgeni angeota mizizi sakafuni. Mama Balozi alipenda kusimulia jinsi mama yake mzazi alivyokuja kutoka Mbinga akapokelewa mlangoni na swali la tatu, furushi likiwa bado kichwani.

"Nikamwambia mama, ondoka kesho asubuhi, mkwe wako apate usingizi," alisema Mama Balozi. "Na yeye hata hakucheka. Alikuwa anangoja jibu."

Nyumba za Majengo zimebanana. Ukikaanga dagaa, nyumba ya tatu wanapiga chafya. Lakini Balozi alizungushia yake ua wa matete, akaukarabati kila baada ya masika, na hakuazima kitu kwa mtu wala hakupenda kuazimwa. Chumvi ikiisha kwake walikula mboga bila chumvi. "Leo chumvi," alisema, "kesho jirani atataka kujua mnapika nini, keshokutwa atawaambia mpike nini." Alisema hivyo hivyo juu ya nchi. Kwake yeye hakukuwa na tofauti kubwa kati ya serikali na jiko, na mimi niliona huo ndio ukubwa wa akili yake: mtu mwenye wazo moja, linaloenea kila mahali bila kuchanika.

Nilimwonea wivu. Niseme hivyo mapema, kwa sababu nikijaribu kuandika habari zake bila neno hilo, kila sentensi inakwenda upande. Mimi niliishia darasa la saba. Mengine niliyoyajua niliyaokota kwenye magazeti ya zamani na vitabu visivyo na jalada, na kila nilichokiokota nilikisafisha sana kabla ya kumwonyesha mtu. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa. Balozi alikosea waziwazi, kwa sauti. Alichanganya miji mikuu, akaipa nchi moja rais wa nyingine, na watu wakaendelea kujaa barazani kwake. Niliwasahihisha kimoyomoyo, yeye na wao, nikiwa nimekaa pembeni kabisa ya benchi, na nilirudi nyumbani nikiwa sahihi na mpweke.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa Tunduru tuliyemwita Mzee wa Korosho. Biashara ilipofunguliwa alianza kuja Songea mara kwa mara, na kila akija alifikia kwa binamu yake, nyumba ya pili kutoka kwa Balozi. Alikuwa Myao, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kumwaga.

"Balozi," aliwahi kumwambia, "wale wa kule ni ndugu zetu. Shangazi yangu yuko kule. Mto umetukuta sisi tupo, Wallahi. Nyumba ya shangazi inaungua, wewe unaniambia nikae nisikilize redio?"

"Kamchukue shangazi yako," Balozi akasema. "Sijakukataza. Nimesema jeshi lisiende."

"Ehe! Na wewe Mngoni ndiye wa kutufundisha mipaka? Babu zako wametoka kusini huko kwa miguu, wamevuka kila mto bila kupiga hodi, wakaja kutukalia hapa. Leo ninyi ndio walinzi wa mlango?"

Benchi zima liliangua kicheko. Balozi alingoja kiishe.

"Ndiyo maana najua ninachosema," akasema. "Babu zangu waliingilia ya watu. Hebu waulizeni waliowakuta hapa kama walifurahi."

Akipigwa hoja ambayo hakuwa na jibu lake, alikuwa na njia moja ya kutokea. Mzee wa Korosho alimwambia siku moja kwamba hata wanajeshi wetu wakirudi, wapo wengine wa mbali zaidi wanaowapa wapiganaji wa kule silaha na kuwachochea, na hao hawatarudi kwao kwa sababu Balozi wa Majengo amesema. Balozi akapunguza sauti ya redio, akauliza: "Na mbolea imefika?"

Miaka ile mbolea ilikuwa ugonjwa wetu. Ruzuku ilikuwa inapungua, wafanyabiashara binafsi walikuwa bado hawajazijua barabara zetu, na mahindi hayakungoja siasa. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la kweli, lakini kila mtu alijua lilikuwa mlango wa nyuma. "Amekimbilia kwenye mbolea!" walipiga kelele, na yeye akacheka nao. Mimi sikuwahi kumkimbiza mtu mpaka kwenye mbolea. Nilitamani hata yeye anitukane, kama alivyomtukana Mzee wa Korosho. "Kichwa chako kimejaa maganda," alimwambia mara moja, kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyasikia akiniambia mimi.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja vizuri, na nilikuwa nikijitesa kuyapatanisha. Yule asiyeazima chumvi alikuwa wa kwanza kushika jembe kaburini, msiba uwe wa Mkristo au Mwislamu, wa nyumba zake au za mbali. Na Mama Balozi alitusimulia kwamba zamani, enzi za wapigania uhuru wa Msumbiji, mumewe alikuwa utingo wa lori lililopeleka unga mpakani, na safari moja alirudi bila koti wala viatu.

"Viatu uliviuza?" Mzee wa Korosho akamuuliza.

"Nilimpa mtu."

"Haa! Kumbe uliingilia."

"Walikuwa wanadai nchi yao," Balozi akasema, safari hii bila kutabasamu. "Kumpa unga mtu anayedai chake si kumwamulia maisha. Sasa chao wamekipata, wanagombana wao kwa wao. Ukienda na bunduki unakwenda kumwambia mmoja wao kwamba nchi si yake. Mimi siwezi."

Jibu hilo nililiandika. Nililiona halina kasoro, na nikazidi kutaka liwe langu.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba chenye dirisha na meza, alichokiacha binti yake alipoolewa. Nilikuwa nikikitazama kupitia matete kila nilipopita. Mimi nililala stoo kwa mjomba, juu ya marobota ya mitumba tuliyouza sokoni, pamoja na binamu zangu wawili waliorusha mateke usingizini. Nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikuwa na pa kufungulia kitabu. Kwa hiyo niliandaa maneno. Nilipiga pasi shati langu zuri kuliko yote, lile jeupe nililolichambua mwenyewe kwenye robota, nikaenda kumwomba Balozi aniruhusu kusomea pale jioni tu, nitafagia, nitateka maji.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Kijana, msimamo wangu unaujua. Mtu ajitawale. Nchi ikizoea kusaidiwa inasahau hata ilikuwa inataka nini. Nikikupa chumba leo, kesho utangoja nikupe na taa, keshokutwa utangoja nikupe na akili. Jitegemee. Utanishukuru."

Na mimi nikasema, "Ni kweli kabisa, Balozi."

Nilimshukuru papo hapo, na nilirudi nyumbani nimeinua kifua. Nilijiona nimetendewa kama taifa. Nilisoma kibarazani kwa fundi cherehani mpaka alipofunga, kisha nikasimama nje ya duka lenye taa, na kila mara mgongo uliponiuma nilijiambia kwamba Balozi ameniheshimu.

Haukupita muda, akaja Anselmo.

Alikuwa kijana wa rika langu, kutoka upande wa pili wa mto. Alivuka na wenzake, wakapotezana njiani. Alitibiwa hospitali ya Peramiho kifua kilichokuwa kinambana, na aliporuhusiwa alipanda gari la Songea akashuka Majengo kwa sababu ndipo watu wengi waliposhuka. Akabisha hodi kwenye ua wa matete akaomba maji. Nilikuwa barazani. Nilimwona Mama Balozi akimletea kikombe, nikamwona akinywa kwa mikono miwili, na nikamngoja Balozi aulize maswali yake.

"Unatoka wapi?"

Akataja kijiji tusichokijua.

"Umefuata nini?"

"Maji," Anselmo akasema.

Benchi lilicheka. Balozi hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza swali la tatu. Akamwambia mkewe, "Chumba cha nyuma kina mkeka?"

Alimwandikisha kwa wakubwa kama taratibu zilivyotaka. Waliposema wakimbizi wapelekwe walikotengewa, akasema kijana bado anakohoa, akipona atakwenda. Anselmo aliendelea kukohoa, kwa maneno ya Balozi, hata alipokuwa anacheza mpira.

"Jeshi lisivuke, lakini sufuria imevuka," Mzee wa Korosho alimtania.

"Jiko si serikali," Balozi akajibu. Mtu yule yule aliyekuwa akitufundisha kwamba ni kitu kimoja!

Sitaki kujipamba. Nilimchukia Anselmo kwa kila kitu. Nilichukia Kiswahili chake kilichopinda, maana Balozi alikisahihisha kwa kicheko, neno kwa neno, wakati changu kilichonyooka hakuna aliyekigusa. Nilichukia jinsi alivyomwita "Baba" tangu siku ya pili, mimi nikiwa bado na "Shikamoo, Balozi" yangu. Jioni niliona taa chumbani, kivuli chake mezani, akichora chora tu kwenye karatasi, hata hasomi, na meza ile ningeijua kila pembe. Nilijiuliza usiku na mchana: kama kusaidiwa kunaharibu mtu, mbona yeye haharibiki? Na kama hakuharibu, mbona mimi niliachwa?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alimpinga. Balozi alikuwa katikati ya hotuba yake ya siku zote, wanajeshi warudi, kila nchi ijiamulie, na Anselmo aliyekuwa akipukuchua mahindi kando yake akanyanyua kichwa.

"Baba, mimi nchi yangu imenitupa. Wewe nchi yako unasema iniache. Sasa mimi niende nchi ya nani?"

Nilingoja mbolea. Nilikuwa na uhakika ataikimbilia mbolea. Badala yake Balozi alichukua sahani ya viazi iliyokuwa mbele yake akaisukuma kwa Anselmo.

"Kula," akasema.

Hotuba haikuendelea jioni ile. Watu waliondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki pale kidogo, nikiona kwamba sentensi zangu zote nilizozisafisha hazikuwahi kumnyamazisha, na huyu amemnyamazisha mikono ikiwa na makapi.

Halafu ulikuja mdahalo wa vijana kwenye ukumbi wa parokia. Mada ilikuwa kama nchi ijitenge na vita vya majirani zake. Niliomba upande wa kujitenga. Niliwaza: nitachukua hoja za Balozi, nitaziondolea makosa, nitampa rais aliye sahihi na mji mkuu ulio sahihi, na atajisikia akisemwa vizuri kuliko alivyowahi kujisema. Nikamwalika. Akaja, akakaa safu ya mbele, kofia magotini. Nilianza vizuri. Nilikuwa nimefika pale pazuri kabisa, pa unga na bunduki, aliposogelewa na mtu akanong'onezwa, akasimama, akatoka haraka bila kuvaa kofia.

Baadaye niliambiwa kwamba lori lilikuwa limeingia stendi na watu kutoka ng'ambo, na mmoja alisemekana kuwa mwanamke wa kijijini kwao Anselmo. Balozi alikuwa amekimbia kwenda kumtafuta mama wa mtu, mimi nikiwaambia watu mia moja, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba kila nchi ishughulike na yake. Nilimaliza. Nilishinda. Zawadi ilikuwa mche wa sabuni. Nilitoka nje nimeushika, na nilitamani, wazi kabisa, kwamba mama yule asiwemo ndani ya lori. Hakuwemo. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha nikamwona Anselmo akirudi kutoka stendi, Balozi amemshika kiwiko, na sikujua niiweke wapi furaha ile. Nikampa Mama Balozi sabuni.

Amani ilipofika kule, Anselmo alirudi kwao. Balozi, ambaye kwa kawaida alimsindikiza mgeni hadi kwenye ua wa matete tu, alimsindikiza mpaka mpakani. Aliporudi, chumba kilibaki kitupu. Sikuomba. Nilikuwa tayari nimeufanya mtihani mara moja nikafeli, nikaurudia nikapata cha kutosha kufundishia kwenye shule moja ya msingi iliyokosa walimu, nje ya mji. Nikahama kwa mjomba. Nilijiambia nimejitegemea.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda Majengo. Nilipokwenda, vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi, na watu hawakuwa tena na haja ya kumjulisha mtu mgeni wao. Kila nyumba ilikuwa na redio yake. Ua wa matete ulikuwa umelala upande mmoja na mbuzi wa jirani alikuwa ndani. Balozi alikuwa peke yake barazani, amekonda, mguu mmoja umefungwa kitambaa, fimbo imelazwa juu ya benchi mahali alipokuwa akikaa Mzee wa Korosho.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia ni mwalimu."

"Ni mimi."

"Unapiga pasi bado."

Nilijitazama shati. Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyaandaa, ya shukrani, ya heshima, na yote yakanitoka. Nikamuuliza lile nililolibeba.

"Balozi, kwa nini yeye ulimpa chumba?"

Hakuuliza yeye nani. "Aliomba maji," akasema. "Mtu anayeomba maji unampa maji, halafu unaona hana pa kwenda nayo."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja na shati jeupe. Nikasema huyu ana mahali anapopigia pasi."

"Nilikuwa nalala juu ya mitumba."

"Sikujua. Hukusema. Ulisema maneno mazuri mazuri." Akausogeza mguu wake kwa mikono. "Na yale ya kujitawala niliyokuambia, nilikuambia kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mdomoni. Nilikuwa nimeshakataa, nikatafuta sababu. Hata serikali zinafanya hivyo, wala usishangae."

"Kwa hiyo hukutaka tu."

"Sikutaka. Mke wangu ananipinga tangu harusi, nimemzoea. Wewe ungeingia mle ndani ukanikubalia mpaka nife. Nilikuona, nikaogopa."

Miaka yote ile nilidhani nilipimwa nikaonekana pungufu, au nilipimwa nikaonekana imara. Kumbe nilichosha.

"Ulikosea," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka mbaya, ya juu kupita kiasi, na sikujaribu kuirekebisha. "Ulikosea juu yangu, na ulikosea juu ya vile vita. Umekaa hapa miaka ukisema mtu wa tatu akae nje, na ulipoona mtu mmoja tu mwenye kiu ukaivunja siasa yote. Basi ungesema imevunjika! Ungesema sijui, jamani, tusaidiane kufikiri. Ulituacha sisi tukiirudia."

Alinitazama. Macho yale niliyoyaona miaka mingi yakimtazama Mzee wa Korosho yakawa yananitazama mimi.

"Kichwa chako," akasema polepole, "kimejaa maganda."

Akachukua fimbo yake, akaiondoa kwenye benchi, akaisimamisha ukutani. "Jeshi na chumba ni vitu viwili, kaa nikueleze. Au na wewe umekuja kuniuliza kama mbolea imefika?"

Nikakaa. Tulibishana mpaka Mama Balozi akatoka kuuliza nani anagombana, akaniona, akarudi ndani kuongeza unga kwenye sufuria.

Sikushinda. Bado nadhani alikosea, na bado Anselmo ananichoma nikimkumbuka mezani pale. Lakini tangu jioni ile sijaandaa sentensi hata moja kabla ya kwenda kumwona mtu.